Maisha ya Mheshimiwa Tom Mboya, Mtoto wa Rusinga

Historia ya kwaya, ratiba ya leo na majina ya waliotutangulia mtayakuta katika kurasa nyingine. Kurasa hizi chache tumemtengea Mkatoliki mmoja mlei ambaye vijana wetu wengi, wakienda Nairobi, wanamjua kama jina la barabara ya kupandia matatu tu. Wazee wetu walimsikia redioni. Alikuwa waziri wa serikali, alikuwa mtu wa ziwa kama sisi, na wizara yake ilitoa karatasi moja ambayo imegusa maisha ya kila boma la Turkana, hata la mtu ambaye hajawahi kuisikia ikitajwa. Karatasi hiyo tutaifikia. Tuanze alikozaliwa.

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930. Wanakwaya wataona mara moja kwamba hiyo ni Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Mama Maria. Hakuzaliwa kwao. Baba yake, Mzee Leonard Ndiege, alikuwa nyapara wa wakata mkonge katika shamba kubwa la mzungu huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, na Mama Marcella alikuwa huko pamoja naye. Kwao hasa ni kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria, nyumbani kwa Wasuba, watu wa mitumbwi, nyavu na omena. Lakini mtoto alikulia kambini, katikati ya watoto wa Wakamba na Wakikuyu, na lugha zao akazijua kama yake. Jambo hilo lilikuja kumsaidia sana. Mwanasiasa anayeweza kumsalimia mama wa sokoni kwa lugha ya mama huyo hahitaji mkalimani wala mtu wa kumtambulisha.

Wazazi walikuwa Wakatoliki, na elimu yake yote ya utotoni aliipata mikononi mwa mapadre. Alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi alipelekwa Kabaa, Ukambani, kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu. Mwaka 1942 akahamia shule ya Mtakatifu Maria huko Yala, na mwaka 1946 akaingia Mang'u. Hapo kichwa kilikuwa tayari lakini mfuko ulikuwa mtupu. Mzee Leonard alikuwa na watoto wengine wa kusomesha, na mshahara wa nyapara haukutosha kumlipia kifungua mimba amalize masomo ya sekondari. Mwaka 1947 ukaisha, naye Thomas akatoka Mang'u bila cheti alichokuwa anakitaka. Mzazi yeyote aliyewahi kuuza mbuzi wa mwisho kwa ajili ya karo, na bado akamwona mtoto akirudishwa nyumbani, anaijua siku hiyo vizuri.

Alitafuta kozi isiyotozwa karo. Serikali ilikuwa inafundisha wakaguzi wa afya huko Kabete, katika shule ya Jeanes, na wanafunzi walipewa posho kidogo. Akasoma huko kuanzia mwaka 1948 hadi 1950, wenzake wakamchagua kuwa kiongozi wa baraza la wanafunzi, kisha akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Kazi yenyewe ilikuwa kukagua maziwa, vyakula na usafi wa majengo. Mkaguzi Mwafrika alilipwa kama sehemu moja tu kati ya tano za mshahara wa mkaguzi Mzungu, na kazi ilikuwa ileile.

Kuna kisa cha wakati huo ambacho Mboya mwenyewe alikisimulia baadaye kitabuni. Siku moja alikuwa peke yake ofisini, mwenzake Mzungu ametoka, akaingia mama mmoja wa Kizungu na chupa ya maziwa ya kupimwa. Mboya akamsalimia. Mama yule akazungusha macho chumba kizima, kisha akauliza kama hakuna mtu humo ndani. Mboya akamuuliza kama macho yake yana kasoro. Yule mama akaondoka kwa hasira kwenda kushtaki. Mboya alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo tu. Wako watu ambao wangelia usiku, wengine wangepigana, wengine wangezoea. Yeye alienda kuandikisha wanachama.

Chama cha wafanyakazi Waafrika wa jiji kilikuwa dhaifu, kama kikundi cha kunywa chai. Mwaka 1952 Mboya alikigeuza kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Mwaka huohuo, tarehe 20 Oktoba, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na Jomo Kenyatta na wenzake wakakamatwa. Baada ya kesi ya Kapenguria walihukumiwa mwezi Aprili 1953, na sisi wa huku tunajua waliletwa wapi. Waliletwa Lokitaung, kaskazini mwetu, mahali ambapo mkoloni alipaona kuwa mwisho wa dunia. Nchi ya Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mgeni hakuingia bila kibali. Kwa serikali ile, jua letu na mawe yetu yalikuwa ukuta wa gereza usiohitaji fundi.

Basi huku viongozi wakubwa wakiwa Lokitaung, vyama vya siasa vimepigwa marufuku na maelfu wako kizuizini, mlango uliobaki wazi kidogo ulikuwa vyama vya wafanyakazi. Mboya aliuona mlango huo. Mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo nchini, akiwa na miaka 23. Kazi yake ya jiji aliipoteza. Polisi walikuwa wakizungukazunguka ofisi yake, lakini hawakupata sababu ya kumfunga, kwa kuwa alichokuwa anadai ni mishahara, nyumba na haki ya mtu kutofukuzwa ovyo kazini. Alijua sheria zao kuliko wengi waliozitunga.

Jina lake lilipaa Mombasa, mwezi Machi 1955. Makuli wa bandari waligoma kwa maelfu, meli zikakaa bila kupakuliwa, serikali ikaanza kuita askari. Mboya akashuka pwani. Aliwaomba makuli warudi kazini huku madai yao yakipelekwa mbele ya baraza la usuluhishi, jambo gumu sana kumwambia mtu mwenye njaa na hasira. Walimsikiliza. Baraza lilipotoa uamuzi, mishahara ilipandishwa kwa asilimia 33. Tangu siku hiyo mfanyakazi wa Kenya akijua jina moja la kiongozi aliye huru, lilikuwa hilo.

Mwaka uleule alipata nafasi ya kusoma kwa mwaka mmoja katika chuo cha Ruskin, Oxford, Uingereza. Baada ya hapo akatembelea Marekani, ambako vyama vya wafanyakazi vilimpa dola 35,000 za kujengea makao ya shirikisho lake Nairobi. Wapinzani wake walimtupia fedha hizo usoni mpaka alipokufa, wakimwita kibaraka wa Wamarekani. Haya si ya kufichwa. Wakati huo dunia ilikuwa imegawanyika, Marekani upande mmoja na Urusi upande mwingine, na kila kiongozi wa Afrika alikuwa na rafiki wa mbali anayemfungulia mfuko. Mboya alikuwa na wake, Jaramogi Oginga Odinga alikuwa na wake.

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane nchi nzima. Mboya alishinda Nairobi akiwa na miaka 26. Miongoni mwa wale wanane walikuwamo Odinga, Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi. Walikataa kuchukua vyeo vya uwaziri walivyopewa na mkoloni, wakidai viti zaidi kwanza. Desemba 1958, Kwame Nkrumah alipoita mkutano wa watu wa Afrika nzima jijini Accra, kijana huyu wa miaka 28 ndiye aliyechaguliwa mwenyekiti.

Sasa tuje kwenye ndege, kwa maana hapa ndipo wengi walipofaidika naye bila kupiga kura.

Kenya ilikuwa inakaribia uhuru bila madaktari wake, bila wahandisi, bila wanasheria wa kutosha. Mkoloni alikuwa anapeleka vijana wachache sana vyuoni. Mboya alikumbuka Mang'u, alikumbuka mfuko mtupu wa baba yake. Mwanzoni mwa mwaka 1959 alizunguka Marekani, chuo baada ya chuo, mkutano baada ya mkutano, akiomba nafasi za masomo. Vyuo vilikubali kutoa nafasi. Shida ikawa nauli. Akawaendea Wamarekani weusi wenye majina: Jackie Robinson mcheza besiboli, Harry Belafonte mwimbaji, Sidney Poitier mwigizaji. Hao wakatia sahihi barua ya kuomba michango, na watu wa kawaida wakatuma dola tano, dola kumi. Nyumbani nako wazazi wakafanya karamu za chai, wakauza ng'ombe, kijiji kizima kikimchangia mtoto mmoja. Septemba 1959 ndege iliondoka Nairobi na wanafunzi 81.

Mwaka uliofuata maombi yalikuwa mengi zaidi na fedha hazikuwepo. Julai 1960 Mboya alikwenda kumwona Seneta John Kennedy nyumbani kwake kando ya bahari, Mkatoliki kwa Mkatoliki, wakati Kennedy akigombea urais. Mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Hadi mpango huo ulipofikia mwisho mwaka 1963, karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamevuka bahari. Mmoja wao alikuwa msichana wa Nyeri aliyesomea kwa masista Wabenediktini huko Kansas. Jina lake Wangari Maathai, na mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobeli. Kutoka huku kwetu, ambako shule wakati ule zilihesabika kwa vidole, nani angepanda ndege hiyo? Mtu hapandi ndege kutoka darasa ambalo halijajengwa.

Mmoja wa abiria wa mwaka 1959 alikuwa Pamela Odede, binti wa Walter Odede, mwanasiasa aliyekaa kizuizini kwa miaka mingi wakati wa hali ya hatari. Pamela alihitimu Ohio, akarudi, na Januari 1962 wakafunga ndoa ya Kikatoliki jijini Nairobi. Mama Pamela naye alikuja kuiwakilisha Kenya katika shughuli za Umoja wa Mataifa, naye alifariki mwaka 2009.

Siasa za miaka hiyo zilikwenda kasi na hatutazifuata zote. Mkutano wa Lancaster House, London, mwanzoni mwa 1960, ulifungua njia ya Waafrika kuwa wengi barazani. Mwezi Mei chama cha KANU kikazaliwa na Mboya akawa katibu mkuu wake, cheo alichokishika hadi kufa. Katika uchaguzi wa Februari 1961 alipata kura zaidi ya 31,000 Nairobi, mpinzani wake Mkikuyu akapata chini ya 3,000. Takwimu hiyo inafaa kusomwa mara mbili na kila mtu anayedai kwamba Mkenya hawezi kumpigia kura mtu asiye wa kabila lake. Kilio cha uchaguzi ule kilikuwa Kenyatta aachiliwe. Kenyatta alikuwa ameondolewa Lokitaung mwaka 1959 na kuwekwa Lodwar, ambako Mama Ngina aliruhusiwa kuishi naye, kisha Maralal, na Agosti 1961 akawa huru.

Mboya aliingia baraza la mawaziri mwaka 1962 kama Waziri wa Leba. Kwa miaka kumi alikuwa mtu wa migomo, sasa akawa mtu wa kuizuia. Oktoba mwaka huo alizikalisha pamoja serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi wakatia sahihi mkataba wa mahusiano kazini, kila upande ukijifunga kusuluhisha kabla ya kugoma au kufukuza. Mwaka 1963 akawa Waziri wa Haki na Mambo ya Katiba. Katika wizara hiyo ndiye aliyeongoza miswada iliyoifanya Kenya kuwa jamhuri Desemba 1964, na pia iliyovunja serikali za majimbo. Fedha na maamuzi yakarudi Nairobi. Kwa mtu wa Nairobi hilo lilikuwa jambo la karatasi. Kwa mtu wa Kataboi lilimaanisha kwamba daktari, barabara na kisima vinaamuliwa na mtu ambaye hajawahi kuliona ziwa hili, ziwa ambalo ramani zake zilikuwa bado zinaliita Rudolf.

Desemba 1964 akapewa Wizara ya Mipango na Maendeleo ya Uchumi, na miezi minne baadaye, Aprili 1965, ukatoka Waraka wa Bunge Nambari 10, unaoeleza Ujamaa wa Kiafrika na namna Kenya itakavyoutumia kupanga uchumi wake. Hiyo ndiyo karatasi tuliyoitaja mwanzoni. Iliandikwa na mikono mingi, ya Wakenya na ya washauri wa kigeni, lakini wizara ilikuwa yake na yeye ndiye aliyeitetea Bungeni na nje ya Bunge.

Sehemu kubwa ya waraka huo inasomeka vizuri hata leo. Unakataa ubaguzi, unataka umaskini, ujinga na maradhi viondolewe, unasema mali isirundikane mikononi mwa wachache. Lakini humo ndani kuna aya inayojibu swali moja gumu: fedha zikiwa chache, zipelekwe wapi? Jibu lake ni kwamba zipelekwe mahali zitakapozaa haraka zaidi, penye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, barabara na umeme, na watu waliokwisha kuyapokea maendeleo. Faida ikipatikana huko, ndipo itumike kuwasaidia wengine. Na maeneo yasiyo na utajiri wa ardhi yafanyiwe nini? Waraka unajibu kwamba lengo ni kuendeleza watu, si kuendeleza udongo. Basi watu wa huko wasomeshwe, watibiwe, rasilimali chache walizo nazo ziendelezwe, na baadhi yao watiwe moyo wahamie penye neema zaidi.

Tuutendee haki. Mwaka 1965 hazina ya Kenya ilikuwa ndogo, na mchumi yeyote angeweza kusema hivyo. Mkulima mwenye debe moja la mbegu hupanda kwanza penye unyevu. Lakini mkulima huyo akivuna, kisha akapanda tena palepale, na tena palepale, miaka arobaini, yule ndugu aliyeambiwa asubiri atakuwa amezeeka. Ndivyo ilivyokuwa. Sehemu ya kwanza ya waraka ilitekelezwa kwa bidii. Ile ya pili, ya kuwasomesha na kuwatibu watu wa maeneo makavu, ilitekelezwa kwa kijiko. Wasomi wengi wa leo wakieleza kwa nini kaskazini ya Kenya ilibaki nyuma, kidole chao cha kwanza hugusa waraka huu. Kwa maoni yetu kidole hicho kiguse pia wote walioshika wizara hiyo baada yake na kuona ni rahisi kutoibadilisha aya ile. Na kabla ya wote kuna mkoloni, aliyeifunga wilaya hii kwa sheria na kuifanya jela. Hata hivyo Mboya hawezi kuondolewa lawamani. Kijana aliyekasirika kwa sababu mama mmoja aliingia chumbani asimwone, wizara yake ilitazama ramani ya nchi na haikutuona vizuri.

Haikuwa siri hata wakati ule kwamba waraka una kasoro. Mchumi Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, alikuwa rafiki wa Mboya, na bado Julai 1965 aliuchambua waziwazi katika jarida la East Africa Journal. Urafiki wao haukufa kwa sababu hiyo, jambo la kusifiwa kwa wote wawili.

Pengo aliloliacha waziri, kwa sehemu, lilijazwa na watu wengine. Njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndiyo iliyowafungulia mlango wamisionari Wakatoliki kuingia Turkana, wakiwa na chakula, kisha zahanati, kisha shule. Mwaka 1968 Lodwar ikawa eneo la kitume linalojitegemea, na mwaka 1978 ikawa jimbo. Wengi tuliojifunza kusoma huku tulijifunza chini ya paa la misheni, na nota za kwanza za muziki tulizionea hapohapo. Elimu ambayo waraka uliahidi tuliipata, ila kwa mkono mwingine.

Mboya mwenyewe alikuwa na miaka michache tu iliyobaki. Machi 1966, katika mkutano wa KANU huko Limuru, yeye ndiye aliyepanga mambo mpaka Odinga akakosa cheo chake chamani, na mwezi uliofuata Odinga akajiuzulu umakamu wa rais. Watu wawili wa ziwa moja wakawa maadui. Wale waliomtumia Mboya kumwondoa Odinga waligeuka wakamwona yeye sasa ndiye anayezuia njia ya urithi wa Kenyatta. Marekebisho ya katiba ya mwaka 1968 kuhusu umri wa rais na namna ya kumpata mrithi, wengi waliyaona kama kamba iliyosokotwa kwa ajili yake. Alikuwa na akili kuliko wengi waliomzunguka, na kwa bahati mbaya aliwaacha wajue hivyo.

Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, alirudi Nairobi kutoka mkutano Addis Ababa. Mchana, karibu saa saba, alisimamisha gari lake katika barabara ambayo siku hizi inaitwa Moi Avenue, akaingia katika duka la dawa la Chhani alikokuwa mteja na mwenye duka akimfahamu. Obama alikuwa amekutana naye hapo mtaani dakika chache kabla, na baadaye alitoa ushahidi mahakamani. Mboya alipotoka dukani alipigwa risasi mlangoni. Alikata roho kabla ya kupata matibabu. Alibakiza wiki sita hivi atimize miaka 39.

Misa ya wafu ilisomwa tarehe 8 Julai katika Kanisa Kuu la Familia Takatifu. Umati ulijaa ndani, ukafurika nje mpaka barabarani. Rais Kenyatta alipofika, gari lake lilirushiwa mawe, polisi wakatumia virungu na gesi ya kutoa machozi, na moshi wa gesi ukaingia hadi kanisani ibada ikiendelea. Kila mwanakwaya aliyewahi kuimba kwenye msiba anajua jinsi koo linavyokaza kwa huzuni peke yake.

Mwili ulisafirishwa kwa barabara hadi Nyanza, watu wakipanga mistari kando ya njia, na tarehe 11 Julai ukazikwa Rusinga. Nahashon Njenga Njoroge alishtakiwa, akahukumiwa Septemba na kunyongwa Novemba mwaka huohuo. Inasimuliwa kwamba alipokamatwa aliuliza kwa nini hawamwendei mkubwa. Mkubwa huyo ni nani, mahakama haikumtaja. Oktoba 1969 ziara ya Kenyatta Kisumu iliishia kwa risasi na vifo vya raia, chama cha Odinga kikapigwa marufuku, na jeraha hilo kati ya Nyanza na serikali lilikaa vizazi.

Katika Nairobi, sanamu ya Mboya ilisimamishwa Moi Avenue mwaka 2011, karibu na pale alipoanguka. Mwaka mmoja kabla ya hapo Kenya ilikuwa imepitisha katiba mpya inayorudisha sehemu ya fedha na maamuzi mashinani, yale yaliyopelekwa Nairobi mwaka 1964. Katiba hiyo ina kifungu cha 204, kinachotenga nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Serikali ya Kaunti ya Turkana ilianza kazi mwaka 2013, na waziri wa maji wa kaunti sasa anaweza kusimamishwa Lodwar na mama mwenye mtungi akaulizwa maswali.

Kwa wanaotaka kumzuru Mboya: kutoka hapa ni Kalokol, Lodwar, Kitale hadi Kisumu, na hapo kuna njia mbili. Unaweza kuzunguka kwa gari kupitia Homa Bay hadi Mbita, au ukapanda feri Luanda Kotieno ukavuka maji. Mbita na Rusinga zimeunganishwa, kwa hiyo utaingia kisiwani bila mtumbwi. Kaburi liko Kasawanga, ndani ya jengo lililoumbwa kama risasi, na humo mmehifadhiwa picha na baadhi ya vitu vyake. Ufukweni utawakuta wavuvi wakianika omena kwenye nyavu zilizotandazwa chini, kama sisi tunavyoanika samaki wetu hapa. Waambieni mmetoka ziwa lile jingine, la kaskazini.